Shabiki akitukana, mchezaji afanye nini?

Tarehe 21 Januari 2024, kule San Pedro, Côte d'Ivoire, Leopards yetu ilitoka 1-1 na Maroko. Mechi kuisha tu, kapteni Chancel Mbemba na kocha wa Maroko, Walid Regragui, wakazozana, wachezaji wakaanza kusukumana. Kisha ukurasa wa Mbemba ku Instagram ukajaa matusi ya rangi na vipicha vya nyani.

Mbemba alirudi kazini. Siku saba baadaye tuliitoa Misri kwa penalti 8-7. Tarehe 2 Februari, Guinea ikiwa mbele 1-0, yeye njo alisawazisha, tukashinda 3-1. Watu wengi wanasema: ile njo jibu, ujibu ku uwanja. Mimi naona ni nusu ya ukweli. Goli halimzuii mtu kutukana tena kesho. Na beki ambaye hakufunga siku ile, yeye atajibu na nini?

Kupiga ndiyo mbaya zaidi. Januari 1995, Eric Cantona wa Manchester United alimrukia na teke shabiki wa Crystal Palace aliyemtukana. Alifungiwa miezi minane, na timu yake ikakosa ubingwa wa Uingereza kwa pointi moja. Yule shabiki naye aliadhibiwa, lakini nani anakumbuka? Watu wanakumbuka teke.

Kuna njia ingine. Tangu Mei 2024 FIFA imeweka alama: mchezaji anayetukanwa kwa rangi anakutanisha mikono yake kama msalaba ku vifundo, mwamuzi anaona. Mwamuzi anasimamisha mechi kwanza. Matusi yakiendelea, anarudisha timu vyumbani. Ikishindikana kabisa, mechi inakatwa.

Ni sheria nzuri, ila inaomba mwamuzi anayelindwa. Kwenye viwanja vyetu vya mtaa mwamuzi anakuwaga peke yake, mashabiki wamesimama mpaka ku mstari. Na huku mashariki tusi si rangi. Ni kabila, ni "rudia kwenu". Tunajua maneno kama hayo yamefikisha watu wapi hapa kwetu. Hata bila kabila, hasira ya mashabiki inaua: tarehe 11 Mei 2014, ku mechi ya V.Club na Mazembe kule Kinshasa, vitu vilitupwa, polisi wakapiga gesi ya machozi, watu 15 wakafa katika msongamano.

Kwa hiyo kijana asiachiwe mzigo peke yake. Akisikia tusi, asimfuate mtu; amwambie kapteni, na kapteni amwendee mwamuzi, wachezaji wote wakisimama pamoja naye. Kumtoa yule mtukanaji ni kazi ya komite ya timu anayoishangilia, maana wao njo wanamjua jina na nyumba anakoishi. Mara nyingi wanaogopa kumgusa, kwa sababu ni yeye anayechangaga pesa ya jezi.