Mizani ya Wiki ya Tatu Haijui Kitu

Kuna imani imeota mizizi kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na zaidi kwa ndugu zao. Wanaamini kwamba mtu akishakatwa utumbo, kilo zinapaswa kuporomoka tangu siku anayotoka hospitali, na kwamba zisipoporomoka basi upasuaji umeshindwa, pesa zimeliwa, au mgonjwa anakula kwa kujificha. Si kweli. Wala si uongo wa kuachwa upite, kwa sababu watu wanaushika wakiwa bado na mshono mbichi, na wanayoyafanya kwa kuuamini yanaweza kuwarudisha wodini.

Nazungumzia hasa gastriki baipasi. Daktari hutenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo la chakula ikabaki kifuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko vikubwa viwili. Kisha hukata utumbo mwembamba na kuuleta juu, akauunga na kifuko hicho, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo pamoja na mwanzo wa utumbo. Edward Mason na Chikao Ito walianza upasuaji wa namna hii Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960. Muungo unaotumika sana leo unaitwa kwa jina la César Roux, mpasuaji wa Uswisi. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo la kubahatisha. Madaktari wana zaidi ya nusu karne ya kuwafuatilia watu hawa, na wanajua vizuri uzito unavyokwenda.

Mambo huanza hivi. Kwenye chumba cha upasuaji na wodini mgonjwa huwekewa dripu, wakati mwingine lita kadhaa. Wapo wanaorudi nyumbani wakiwa wazito kuliko walivyoingia, na kilo hizo ni maji matupu. Siku zinazofuata uzito hushuka kwa kasi, watu wakashangilia, lakini sehemu kubwa ya mshuko huo nayo ni maji. Ini na misuli hutunza sukari ya akiba, kwa mtu mzima yapata nusu kilo, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia gramu tatu hivi za maji. Mtu asipokula, mwili hutumia akiba hiyo kwanza, na maji yake hutoka. Kilo mbili zinaondoka bila mafuta mengi kuguswa.

Kisha inafika wiki ya pili au ya tatu, na mizani inaganda. Siku tano, siku kumi, namba ni ile ile, au imepanda nusu kilo. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Lakini kinachotokea ni kwamba mwili unaoponya majeraha na unaojifunza kuishi kwa chakula kidogo umeanza kurudisha maji yake, huku mafuta yanaendelea kuungua. Mizani haitenganishi maji na mafuta. Inajumlisha vyote na kukupa namba moja.

Asiyeamini na apige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori zipatazo 7,700. Chukua mtu ambaye mwili wake unatumia kalori 2,300 kwa siku na anayekula 600, kiasi cha kawaida kwa majuma ya mwanzo ya supu, maziwa na uji mwepesi. Kila siku anapungukiwa kalori 1,700, na kwa wiki zinakaribia 12,000. Hiyo ni kilo moja na nusu ya mafuta na tishu, na lazima itoke mwilini mwake, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuipata nguvu hiyo. Mizani ikigoma wiki hiyo, imefunikwa na maji.

Kuna pia jambo ambalo watu wanaojilinganisha hulisahau kabisa. Vituo vingi humtaka mgonjwa ale chakula chepesi sana kwa wiki mbili hivi kabla ya kupasuliwa, ili ini linywee na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Aliyefuata masharti hayo alishapoteza maji yake ya haraka kabla ya kisu. Mwenzake ambaye hakuyafuata atayapoteza baada ya kisu. Ukiwaweka wawili hawa pamoja wiki ya tatu, aliyetii ndiye atakayeonekana ameshindwa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba imani hii inamfanya mgonjwa asione kile ambacho upasuaji umeshamfanyia. Mwaka 1995 Walter Pories na wenzake wa Greenville, North Carolina, walichapisha matokeo ambayo wao wenyewe waliyashangaa: wagonjwa wengi wa kisukari waliofanyiwa gastriki baipasi walipata sukari ya kawaida ndani ya siku chache, kabla uzito haujapungua kiasi cha kuelezea badiliko hilo. Chakula kikifika mapema kwenye utumbo wa chini, homoni za utumbo hubadilika. Zile zinazosaidia insulini na kuleta shibe hupanda. Ndiyo maana daktari hulazimika kupunguza dozi ya insulini au vidonge tangu wodini, mgonjwa asije akazimia kwa sukari kushuka. Fikiria mtu aliyejichoma sindano kwa miaka, sasa anaamka na sukari ya kawaida bila sindano, halafu anakaa sebuleni na uso umemwinamia kwa sababu mizani imesema 118 jana na leo imesema 118. Nani amemfundisha kuidharau damu yake mwenyewe namna hiyo?

Tumemfundisha sisi. Katika jamii zetu mwili wa mtu ni mazungumzo ya hadhara. Huyo huyo shangazi anayeuliza "mbona hupungui?" mwezi wa kwanza ndiye atakayeuliza "mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" mwezi wa nane. Na kuna suala la pesa, ambalo halisemwi lakini linabana sana. Gharama ni kubwa, wengine hukopa, wengine huchangiwa na ukoo, wengine husafiri hadi India na kurudi na faili bila daktari wa karibu wa kuwafuatilia. Mtu aliyechangiwa anajiona anadaiwa matokeo, na matokeo ambayo kila mtu anaweza kuyaona mlangoni ni wembamba. Juu ya hapo kuna matangazo ya picha mbili, ya kabla na ya baada, yasiyosema kwamba kati ya picha hizo umepita mwaka mzima na zaidi.

Namjua dada mmoja aliyekuwa na mizani chini ya kitanda. Alikuwa anapima akiamka, anapima kabla na baada ya kwenda chooni, anapima akivua kanga na kuweka hereni mezani. Akagundua kwamba glasi ya maji inaongeza gramu mia mbili, akaacha kunywa maji. Ndani ya siku chache mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, midomo imepasuka, akisimama anashika ukuta. Alipelekwa hospitali akawekewa dripu. Aliporudi alipanda mizani, akakuta kilo mbili zaidi, akalia kuliko alivyolia kwa maumivu ya upasuaji.

Upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha watu hawa hospitalini katika wiki za mwanzo. Wengine huacha maji, wengine huruka protini wakidhani kila tonge linalopunguzwa ni kilo inayoondoka. Anayeuguza mwili huu anahitaji gramu 60 za protini kwa siku na zaidi, kutoka kwenye mayai, samaki, maziwa ya mtindi, dengu zilizosagwa. Akizikosa, mwili unakula misuli, na misuli ndiyo inayounguza nguvu hata mtu akiwa amelala. Anayejikondesha kwa pupa anajiharibia safari iliyo mbele, na anajiongezea hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo, ambayo hupenda kutokea uzito unapoporomoka haraka mno. Watu wanaililia kasi ambayo ina madhara yake.

Nakubali jambo moja, na nalikubali bila kulizungusha. Tafiti zinaonyesha kwamba, kwa wastani, wanaopungua zaidi miezi ya mwanzo huishia wamepungua zaidi. Lakini wastani wa mamia ya watu haumsemei mtu mmoja, na madaktari makini hutazama mwezi wa tatu na wa sita ili wamsaidie mgonjwa mapema, hawatazami Jumanne dhidi ya Jumatatu. Tena sehemu ya tofauti hiyo mtu hupasuliwa akiwa nayo tayari: umri, jinsia, uzito wa kuanzia, miaka aliyoishi na kisukari. Mama wa miaka 55 mwenye kisukari na kilo 110 hatashuka sawa na kijana wa kiume wa kilo 180, na hakuna kosa alilofanya.

Wasweden waliwafuatilia watu waliopasuliwa kwa muda mrefu, katika utafiti ulioanza mwaka 1987 chini ya Lars Sjöström. Ripoti yao ya mwaka 2007 inaonyesha kuwa waliofanyiwa gastriki baipasi walifika chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, wakiwa wamepoteza wastani wa asilimia 32 ya uzito wao. Baada ya miaka 10 walikuwa bado wako asilimia 25 chini ya walipoanzia. Vifo miongoni mwa waliopasuliwa kwa ujumla vilikuwa pungufu kwa asilimia 29 kuliko kwa wenzao ambao hawakupasuliwa. Upasuaji huu unapimwa kwa miaka.

Hofu inayostahili wiki hizo ipo, na inasikitisha kwamba hofu ya kilo inaifunika. Moyo kwenda mbio zaidi ya mara 120 kwa dakika, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma: hayo ni ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo, kwa sababu huenda mshono wa ndani unavuja au damu imeganda. Kutapika kwa siku kadhaa mfululizo kunaweza kumaliza vitamini B1 mwilini na kuharibu ubongo. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kwenye duka la dawa la mtaani kama pipi, zinaweza kutoboa kidonda kwenye muungo. Nimewasikia watu wanaoweza kukutajia uzito wao wa kila asubuhi tangu wapasuliwe, lakini hawajawahi kuambiwa lolote kati ya haya.

Lawama ya kutojua haya haimwangukii mgonjwa. Daktari anayempasua mtu bila kumwambia, kabla ya kisu, kwamba wiki ya tatu mizani itaganda, amemwacha apigane na kitu ambacho sentensi mbili zingemwondolea. Na ndugu wanaotaka kusaidia wana maswali ya kuuliza: umekunywa maji kiasi gani leo, umekula yai, umemeza vitamini, sukari ya asubuhi ilikuwa ngapi? Mizani ikae kliniki, mtu aipande siku ya miadi. Siku hiyo apimwe na damu pia, madini ya chuma, B12 na vitamini D, na vipimo hivyo viendelee mwaka hadi mwaka hata uzito utakapokuwa umetulia, kwa sababu utumbo ulioungwa upya hautafyonza tena kama zamani.