Mlango wa wavu wawatosha paka wawili

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Wengi wetu tumeifanya methali hii hukumu isiyokatiwa rufani, hata kwa paka. Mgeni akiletwa nyumbani, naye mwenyeji akamrukia kwa kucha, mmoja wao hutiwa guniani akatupwa sokoni. Huo ni ukatili, tena usio wa lazima.

Paka hujuana kwanza kwa pua. Akikutanishwa ghafla na mwenzake, humwona kuwa mvamizi wa milki yake. Dawa yake ni mlango wa wavu: fremu ya mbao, bawaba, komeo na wavu wa waya mgumu, kwani ule mwembamba wa mbu huraruliwa upesi. Seremala wa mtaani aweza kuutengeneza. Mgeni akae chumba chake, awe na maji na sanduku lake la mchanga. Mwanzoni wavu ufunikwe kwa shuka, wanusane tu. Kisha shuka ipandishwe kidogo kidogo, nao walishwe kila mmoja upande wake. Wakila bila kutunisha manyoya, mlango ufunguliwe kwa muda mfupi, mtu akiwaangalia.

Kazi hii yaweza kuchukua majuma kadhaa. Lakini mtoto anayeshuhudia paka akitupwa hujifunza kwamba kiumbe msumbufu ni taka. Anayeagizwa kubadilisha mchanga na kungoja hujifunza subira, somo tunalolihubiri sana madarasani.

Wahenga hawakusema kwamba zizi haligawanyiki.