Nani Kasema Steringi Lazima Awe Mwanamume?

Kijana anayetembeza watalii kwenye hamamu la Kidichi ana maneno yake, na hayabadiliki. Nimeshamsikia mara tatu. Anawakusanya wageni chini ya kuba, anawaonesha nakshi za chokaa ukutani, ndege na maua, kisha anawaambia kwamba Seyyid Said alilijenga hamamu lile mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mwanamke mzuri ajabu. Khalas. Wageni wanapiga picha, wanarudi shambani kunusa mdalasini.

Uzuri ndio khabari pekee aliyobakishiwa mke huyo, Binti Irich Mirza. Na hali Salme binti Said, mtoto wa Seyyid Said mwenyewe, ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, ametusimulia mengine. Anasema mama yake wa kambo huyo alikuwa hodari wa farasi, akitoka mchana kweupe kwenda kuwinda na msafara wa Waajemi 150, mpaka Waarabu wa mjini wakaona amepita mpaka. Nguo zake zilidariziwa lulu, na mtumishi akifagia akaokota iliyodondoka, ilikuwa halali yake. Mtu wa mambo yote hayo leo amebaki uso mtupu.

Nayataja haya kwa sababu jioni ya ile mara ya tatu niliyakuta maradhi yale yale nyumbani kwa shangazi yangu, hapo hapo Kidichi. Tulikuwa uani, jamvini, tunachambua karafuu na kutenga makonyo, televisheni imewekwa dirishani imeelekezwa kwetu. Lilikuwa linaendelea picha la Kihindi. Mjukuu wa shangazi, kijana wa kidato cha nne, akasema bila hata kuinua kichwa: "Bibi, hapa steringi ni mmoja tu. Huyo mwanamke ni demu wa steringi. Kazi yake kuimbiwa, kulia na kutekwa."

Hakuyabuni yeye. Kaa barza yoyote, kuanzia Bububu mpaka Mkunazini, utayasikia. Mwigizaji wa kike wa Kihindi ni pambo, ati. Amewekwa pale kwa macho yake na kiuno chake, lakini mwenye picha ni mwanamume. Wasomi wetu nao wanayasema hayo hayo, isipokuwa wao husafisha koo kwanza.

Basi tumchukue mmoja tu, Nargis, kwa kuwa ndiye aliyewaliza na kuwagombanisha bibi zetu.

Nargis alizaliwa tarehe 1 Juni 1929, jina lake la nyumbani Fatima Rashid. Mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji, mtunzi wa muziki na mtengenezaji wa filamu katika zama ambazo mwanamke mwenye kazi hizo alihesabika kwa vidole. Mtoto akasimamishwa mbele ya kamera mwaka 1935, ana miaka sita hivi, katika filamu ya mamaye. Akiwa na miaka 14 tu, Mehboob Khan akampa nafasi ya mbele katika Taqdeer ya mwaka 1943. Kwa hiyo ilipofika miaka ya 1950, filamu zake zilipokuwa zikijaza kumbi za Unguja, Majestic ya Vuga na nyenzake, mwanamke yule alikuwa fundi. Kazi alikuwa ameianza kabla ya kuota meno ya ukubwani.

Sasa Awara, ya mwaka 1951. Uliza barza: Awara ni ya nani? Watajibu wote kwa pamoja, ya Raj Kapoor. Na ni kweli, yeye ndiye aliyeiongoza, na ndiye mwizi mwenye suruali fupi ambaye dunia nzima iliimba naye. Lakini tazama picha lenyewe linakoanzia. Linaanzia mahakamani. Mwizi yuko kizimbani, ameshitakiwa kwa kutaka kumuua hakimu, na hana wa kumtetea. Anayeinuka kumtetea ni Rita, na Rita ni Nargis, amevaa joho la uwakili. Hakimu huyo ndiye aliyemlea. Rita anamsimamisha mlezi wake huyo na kumhoji mbele ya kadamnasi: ulimfukuza mkeo mjamzito kwa kumshuku, mtoto wake yuko wapi? Kisa kizima cha Awara, machozi yote, nyimbo zote, tunakipata kwa kuwa mwanamke mmoja anauliza maswali na mwanamume mwenye cheo analazimika kuyajibu. Mwizi wakati huo amekaa kimya.

Huyo ndiye demu wa steringi.

Shangazi aliiona Awara akiwa msichana, katika onesho la wanawake peke yao. Nilipomuuliza anakumbuka nini, hakutaja wimbo, na mimi nilikuwa nimeshajiweka tayari kusikia wimbo. Alisema: "Tulitoka pale tukigombana njia nzima. Mmoja anasema kosa la mume, mwengine kosa la wakwe, mwengine anasema yule hakimu angemwoa yeye angemtia adabu. Mama yangu aliyenipeleka akatunyamazisha, halafu yeye mwenyewe akayaanza upya tulipofika nyumbani." Wanawake hao ndio tunaoambiwa walikwenda sinema kulia tu. Wakilia ndiyo. Lakini walikuwa pia wakikata kesi za mume anayemshuku mkewe, za mtoto anayeitwa si wetu, za mapenzi na amri ya wazee, na walizikata hadharani, njiani, kwa sababu picha liliwapa watu wa kuwasema bila kumsema jirani.

Halafu ikaja Mother India. Nataka vijana wa barza wanisikilize vizuri hapa, maana wana msemo wao kwamba steringi hafi. Steringi wa Mother India ni Radha, na Radha ni Nargis tena. Mumewe anapondwa mikono na jiwe, anaona aibu, anaondoka zake. Anabaki mwanamke na deni la mkopeshaji, anabaki na watoto, na jembe analivuta yeye mwenyewe kama ng'ombe, tope mpaka magotini. Mwishoni mwanawe mpenzi, Birju, amekuwa jambazi, anamteka binti wa yule mkopeshaji. Mama anashika bunduki na kumpiga risasi mwanawe wa kumzaa. Anayepigana ni mwanamume, anayekufa ni mwanamume, na anayetoa hukumu na kubaki hai na majonzi yake ni bi mkubwa yule. Kama huyo si steringi, basi nambieni neno hilo lina maana gani.

Na kazi yenyewe! Aliyeigiza Birju ni Sunil Dutt, aliyezaliwa tarehe 6 Juni 1929. Mwana kampita mama kwa udogo wa siku tano. Nargis alikuwa hajafika miaka 30, akatakiwa azeeke mbele ya macho yetu, mgongo uiname, sauti ikauke, mpaka mtazamaji asahau. Uso mzuri hauwezi kukufanyia hilo. Mwaka 1958 tamasha la Karlovy Vary likampa tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na mwaka huo huo akaolewa na huyo huyo aliyekuwa mwanawe wa sinema.

Tarehe nyingine iwekwe hapa pembeni. Julai 1957 Wazanzibari walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na wanawake hawakuruhusiwa. Oktoba mwaka huo Mother India ikatoka. Wanawake wa hapa walisubiri mpaka Januari 1961 ndipo na wao wakapiga kura. Sidai kwamba sinema iliwapa kura. Walioipigania ni watu. Nasema tu kwamba mtu aliyenyimwa kura akakaa gizani karibu saa tatu kumtazama mwanamke akihukumu kijiji, huyo hakwenda kutazama pambo.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa nimechagua filamu mbili nzuri katika maelfu, na kwamba yako mapicha chungu nzima ambamo mwanamke kazi yake ni kunyeshewa na mvua akiwa na sari. Yako. Nimeyaona, na mengine niliyafurahia. Lakini picha bovu ni ushahidi dhidi ya aliyelitengeneza. Nitaambiwa pia kwamba Nargis mwenyewe aliolewa akatulia. Alipunguza, kweli. Ila mwaka 1967 alitoka na Raat Aur Din, akiigiza mwanamke mmoja mwenye nafsi mbili, ya mchana na ya usiku, na tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike ya India ilipoanza kutolewa, wa kwanza kuipata alikuwa yeye kwa filamu hiyo. Kutulia gani huko? Wala simfanyi walii. Mwaka 1980, akiwa mbunge wa kuteuliwa, alimlaumu mwongozaji wa filamu Satyajit Ray kwamba anauza nje umaskini wa India, neno lililonishangaza kutoka kwa mwanamke aliyevuta jembe kwenye tope. Alikosea. Anayekosea namna hiyo ana rai yake, na pambo halina rai. Alifariki tarehe 3 Mei 1981.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba sisi Waunguja ndio wa mwisho kustahili ujinga huu. Kabla Bombay haijatuletea Nargis, sisi tuliipelekea Siti binti Saad. Mwaka 1928 mwana wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu vya kufinyanga, alisafiri mpaka Bombay kurekodi santuri. Watu wakamtungia maneno ya kumcheka sura, akawajibu kwa wimbo. Siti alidharauliwa kwa kukosa uzuri, Nargis anadharauliwa kwa kuwa nao, na yule bibi wa Kiajemi amefutiwa farasi wake wote. Kipimo ni kimoja, na wenye kukishika mkononi ni wale wale wa barzani.

Mjukuu wa shangazi nimemwachia kazi. Mother India haifiki saa tatu, akaitazame yote, asirukeruke kutafuta nyimbo. Na wewe kijana wa hamamu, nakuomba: kesho ukiwasimamisha wageni chini ya kuba, kabla hujasema alikuwa mzuri, waambie alikuwa akiwinda.