Siri Iliyomo Katika Ukwaju

Jirani yangu mmoja hapa Buruburu, mzaliwa wa Mombasa, huuza viazi vya karai nyakati za alasiri. Viazi vyake ni vitamu, lakini kinachowapanga watu foleni ni ukwaju wake mzito. Ukimwuliza ameutia nini, hucheka: "Huo ni wa nyanya yangu, nimeusiwa nisiuseme." Aliyeuliza huenda akamhadithia mwenzake, na kesho huja wawili.

Bila ya kufunzwa na mtu, bibi huyu amefanya wayafanyayo matajiri wa dunia. Mwaka 2008 kampuni ya KFC ilipotaka kuimarisha ulinzi wa karatasi ya viungo 11 vya Harland Sanders, karatasi hiyo ilitolewa makao makuu mjini Louisville, Marekani, kwa gari la deraya, imo mkobani, na mkoba umefungwa kwa pingu mkononi mwa mlinzi. Habari ikatangazwa kila pembe. Siri gani hiyo ipigiwayo mbiu? Coca-Cola nayo ilihiari kuondoka India mwaka 1977 kuliko kutii masharti ya serikali, mojawapo likiwa ni kuitoa siri ya kinywaji chake. Wana sababu: hataza hudumu miaka 20, tena mwenyewe hulazimika kueleza kila kitu, siri haina muhula.

Sina ugomvi na hayo. Ugomvi ulianza mwezi uliopita, mtoto wa jirani mwingine alipokula viazi vile akavimba midomo, pumzi ikambana. Alhamdulillahi, alifikishwa hospitali mapema. Mamake alikuja kuuliza, na bibi yetu akasema yale yale ya nyanya yake. Hapo nilimkatiza, Mungu anisamehe, maana amenizidi umri. Vipimo ni vyake, na namna ya kukaanga ni yake. Lakini kilichoingia tumboni mwa mwana wa mwenziwe si siri yake. Hata chupa ya Coca-Cola huandikwa kuwa ina kafeini. Nasi tunaouliza kila siku kama chakula ni halali, tutamnyamazishaje anayeuliza kama ni salama?

Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ndogo: korosho za kusaga.

Sasa ameweka kibao mezani: "Ukwaju una korosho." Foleni haijapungua. Jana nilimsikia kijana akimwuliza, "Na kingine je, mama?" Akacheka.