Aliye likizo aachiwe familia yake

Leo tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu, hasa wenye familia, juu ya jambo linaloonekana dogo lakini limeanza kuzidhoofisha nyumba zetu kimya kimya. Jambo lenyewe ni hili: mtu aliyepewa likizo na mwajiri wake, je, anapaswa kuendelea kupatikana kwa simu na kufanya kazi za ofisi akiwa nyumbani kwao?

Lililotusukuma kuandika ni suluhu tuliyoitwa kuisimamia wilayani Ruangwa, katika kijiji ambacho hatutakitaja ili kuwasitiri wahusika. Ukoo mmoja ulikuwa hausemezani kwa sababu ya shamba la mikorosho lililoachwa na mama mmoja mtu mzima. Sehemu ya mikorosho ile ilikuwa mali yake mwenyewe. Sehemu nyingine ilikuwa amana aliyoachiwa na kaka yake, ambaye naye alikwisha kufariki na kuacha watoto. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili aliujua mama yule peke yake.

Tulipouliza iwapo hakuna aliyeonyeshwa mpaka huo, mwanawe mkubwa, ambaye ni mhasibu wa kampuni moja jijini Dar es Salaam, aliinamisha kichwa. Akatueleza kuwa mwaka mmoja kabla ya msiba alikuja nyumbani kwa likizo ya siku 28. Tangu jioni aliyofika, mama alimwambia kuwa anataka wafuatane shambani amwonyeshe mti kwa mti, kwa kuwa umri umekwenda. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijana huyu siku ya tatu alipewa jembe kweli, lakini aliyempa hakuwa mama yake. Alikuwa ni mkubwa wake wa kazi, aliyempigia simu akitaka hesabu zikamilishwe. Mtandao pale kijijini ulipatikana vizuri juu ya kichuguu kimoja tu. Basi asubuhi yuko kichuguuni, alasiri yuko kichuguuni. Kila mama alipokumbusha habari ya shamba, jibu lilikuwa, "Kesho, mama." Siku 28 zikaisha, akapanda basi alfajiri akarejea mjini. Masika yaliyofuata mama akafariki dunia.

Tulipatanisha kadiri tulivyojaaliwa. Shamba liligawanywa kwa kukadiria, na pande zote mbili zikasameheana. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa pale awezaye kusimama mbele ya Allah na kusema kwa yakini kuwa watoto wa marehemu mjomba wamepata haki yao kamili. Amana ilipotea juu ya kichuguu.

Hapana shaka wako watakaosema kuwa kosa ni la kijana mwenyewe, kwani angeweza kuizima simu yake. Maneno hayo yana ukweli, nasi tutayarudia. Lakini kwanza tuitazame likizo yenyewe ni kitu gani, maana wengi huidhania kuwa ni hisani ya mwajiri, anayoweza kuitoa leo na kuirudisha mfukoni kesho.

Likizo si hisani. Ni sehemu ya mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 31, inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa likizo, sikukuu zikihesabiwa humo. Nasi Waislamu tunajua kuwa Qur'ani Tukufu, mwanzoni kabisa mwa Suratul Maida, inawaamrisha walioamini kutimiza mikataba yao. Amri hiyo haikumlenga mfanyakazi peke yake. Mwajiri anayedai saa zote za kazi zilizoandikwa, kisha akazivamia siku za mapumziko zilizoandikwa katika mkataba uleule, ametimiza nusu ya ahadi. Na ahadi ni deni.

Kuna jambo jingine katika sheria hiyo ambalo waajiri hulisahau. Sheria imempa mwajiri, wala si mfanyakazi, uwezo wa kuamua likizo ichukuliwe lini, ilimradi isipite miezi sita baada ya mzunguko kuisha, au miezi 12 iwapo mfanyakazi ameridhia na shughuli zimelazimu. Maana yake ni kwamba mwenye kuchagua wakati ni mwenye kazi. Akijua kuwa hesabu za mwaka zinafungwa mwezi fulani, asimpe mhasibu likizo mwezi huo. Lakini aliyechagua wakati mwenyewe, akatia saini fomu, kisha siku ya tatu akaanza kupiga simu, huyo hana udhuru.

Ni kweli pia kwamba sheria, pamoja na marekebisho yake, inaruhusu mfanyakazi kufanya kazi katika siku za likizo kwa ridhaa yake, kwa sharti kwamba asifanye kazi miaka miwili mfululizo bila ya kupumzika. Hapo ndipo tunapouliza: ridhaa ni nini? Wanazuoni wetu wa fikihi wamekubaliana kuwa ridhaa ndiyo roho ya mikataba ya mali na ujira, na ridhaa iliyotolewa kwa kulazimishwa si ridhaa. Kijana anayepokea simu ya mkubwa wake huku akiogopa kuwa asipopokea jina lake litaandikwa vibaya, je, ameridhia? Aliyeombwa kwa heshima, akaachiwa nafasi ya kusema hapana, na akalipwa stahiki yake, huyo ndiye aliyeridhia.

Hata hivyo hatupendi kuwa miongoni mwa wanaoona upande mmoja. Yako mambo ya dharura, na dharura zina hukumu yake. Zahanati nyingi za vijijini, huku Nachingwea na Ruangwa kama kwingineko, zina watumishi wachache. Muuguzi aliye likizo jirani na zahanati akiitwa usiku kwa ajili ya mama aliyezidiwa na uchungu wa kuzaa, hatutarajii aseme kuwa yuko mapumzikoni. Hiyo ni roho ya mtu, na kuiokoa ni ibada. Vivyo hivyo katika msimu wa korosho, ambapo wakulima hukusanya mazao yao katika vyama vya msingi chini ya RUNALI, ushirika uliobeba herufi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Karani wa ghala aliyeondoka na ufunguo au daftari la mizani amewazuilia watu riziki ya mwaka mzima. Huyo akitafutwa, hajadhulumiwa.

Lakini wanafikihi walipotufundisha kuwa dharura huhalalisha kilichozuiliwa, walituongezea kuwa dharura hupimwa kwa kadiri yake. Swali la dakika tano liishe kwa dakika tano. Taarifa inayoweza kungoja wiki mbili ingoje wiki mbili. Na ofisi ambayo kila siku ina dharura, hiyo haina dharura. Ina upungufu wa watu au upungufu wa mpango, na upungufu huo hauzibwi kwa siku za mama wa mtu mwingine.

Wazee wa Nachingwea wanaikumbuka reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, mpango ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Katika zama zile na miaka mingi baadaye, aliyekwenda likizo alifuatwa na habari za kazini kwa barua au kwa simu ya maandishi, na kwa hiyo hakufuatwa ila kwa jambo zito. Umbali ndio uliokuwa mlinzi wa likizo. Leo mlinzi huyo ameondoka. Simu moja ya mkononi inamkuta mtu shambani, msikitini na mazikoni. Kwa kuwa umbali hautulindi tena, hatuna budi kulindwa na adabu na sheria. Wenzetu wameshaliona hilo. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2016, ikaanza kutumika Januari 2017, inayozitaka kampuni kubwa kujadiliana na wafanyakazi juu ya haki yao ya kutofuatwa na kazi nje ya saa zake. Kwa jirani zetu wa Kenya, muswada wa namna hiyo ulipelekwa Seneti mwaka 2022.

Nasi katika dini yetu tunayo hazina ya zamani zaidi. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), aliposikia usiku malalamiko ya mwanamke ambaye mumewe alikuwa vitani, alimwendea binti yake Bibi Hafsa (R.A.) akamuuliza mwanamke anaweza kuvumilia muda gani mbali na mumewe. Kwa jibu alilopewa akaweka muda maalumu, riwaya nyingine zikitaja miezi minne na nyingine sita, ambao askari asizuiliwe kupita huo bila ya kurejea kwake. Tuzingatie: dola ilikuwa vitani, na bado kiongozi alitambua kuwa familia ya askari ina haki. Tena Salman (R.A.) alimkumbusha nduguye Abu Dardaa (R.A.), aliyekuwa amezama katika ibada hata akamsahau mkewe, kuwa Mola ana haki juu yetu, nafsi ina haki na ahli wana haki, basi kila mmoja apewe haki yake. Mtume (S.A.W.) akathibitisha kuwa Salman amesema kweli. Ikiwa ibada ya sunna haikuruhusiwa kula haki ya mke, hesabu za kampuni zitaruhusiwa vipi?

Kutokana na hayo, sisi tunasema kuwa likizo si mali ya mfanyakazi peke yake. Ndani yake mna fungu la mama, la mke na la watoto. Hapo ndipo tunapolirudia lile la kijana na simu yake. Alipokubali kukaa kichuguuni hakutoa muda wake tu. Alitoa na usiokuwa wake.

Kwa wafanyakazi, nasaha yetu ni kwamba likizo njema huanza kabla ya likizo. Kabidhi kazi kwa maandishi, mwonyeshe anayekukaimu mafaili na funguo, mweleze yaliyobaki. Asiyekabidhi asilalamike akitafutwa. Ukisha kukabidhi, mweleze mkubwa wako kwa adabu ni jambo gani utaitikia na saa ngapi, kisha simama hapo. Mshika mawili moja humponyoka.

Kwa waajiri, hasa Waislamu miongoni mwao, tunawakumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kuwatwisha walio chini yetu wasiyoyaweza, na akaagiza tukiwatwisha tuwasaidie. Wekeni kaimu. Na kabla ya kubonyeza namba ya aliye likizo, jiulizeni: je, angekuwa amefariki leo, jambo hili tungelifanyaje? Jibu litakalopatikana lifanyeni hilo, mwacheni mtu na wazee wake.

Na kwa kila msomaji ambaye yuko nyumbani kwao wiki hii, baada ya swala ya Ijumaa aiweke simu chini, amshike mkono mama yake au baba yake, wafuatane shambani. Aulize mpaka uko wapi, deni ni la nani, amana ni ya nani, kisha aandike mbele ya mashahidi.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu wazee wetu waliotangulia, atuwezeshe kutekeleza haki za waliobaki, na atusamehe kwa kila "kesho" tuliyoisema. Amin.