Mafua, Baridi na Homa

Majuzi nilikuwa katika mji mdogo wa Moi's Bridge, uliokuwa ukiitwa Hoey's Bridge enzi za walowezi. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu, na katika darasa nililoingia wanafunzi wengi walikuwa wakipiga chafya na kupenga kamasi. Mwalimu wao, mtu mwenye huruma tele, akaamuru madirisha yote yafungwe. "Baridi hii itawaletea homa," akasema.

Kwa vile kazi yangu ni maneno, sentensi hiyo ilinikera kuliko baridi yenyewe. Mna makosa mawili ndani yake.

La kwanza ni baridi. Mafua huletwa na virusi, na aina za virusi hivyo zinapita mia moja. Ndiyo maana kuugua leo hakumkingi mtu mwezi ujao. Huko Salisbury, Uingereza, kituo cha kuchunguza mafua kilichoanzishwa mwaka 1946 kiliwalowesha watu wa kujitolea na kuwaacha katika upepo; hawakuambukizwa zaidi ya wenzao waliokuwa wakavu. Sikatai kwamba baridi ina mkono wake: virusi hivi huzaana vyema puani, penye joto la nyuzi 33 hivi, kuliko ndani ya mwili kwenye nyuzi 37. Hata hivyo, sharti kwanza vitoke kwa mgonjwa, kwa chafya yake au kwa mikono tunayojipangusia pua kisha tukasalimiana. Chumba kilichofungwa huvifaa mno. Kamasi tunazozilaumu ni mwili ukijitetea, na baada ya siku 7 hadi 10 vita huwa vimekwisha. Dawa za kuua bakteria, ambazo wazazi hununua kwa pesa za karo, haziui virusi.

Kosa la pili laniogofya zaidi. Huku bara tumezoea kuyaita mafua homa. Homa ni kupanda kwa joto la mwili, na mafua aghalabu hayampandishi mtu mzima joto. Mtoto aliyerejea kutoka kwa nyanya yake kule Busia, akitetemeka na mwili ukimchemka, huenda ana malaria, nayo malaria haisubiri. Akiambiwa "ni homa tu, itapita", atakuwa amecheleweshwa hospitalini na neno.

Nilimsihi mwalimu afungue madirisha. Alifungua mawili, lile la karibu na meza yake akaliacha vivyo hivyo.