Jiko la peleti si la mishkaki

KUTOKA UGHAIBUNI
Na Athumani Kibwana

Majira ya joto yakikaribia, Waswahili wa huku Marekani huanza kuulizana bei za majiko ya kuchomea nyama. Siku hizi swali limehamia kwenye jiko la peleti, lile lenye sanduku pembeni, waya wa umeme nyuma na namba zinazowaka mbele. Wauzaji hulitangaza kwa picha ya nyama iliyozungukwa na ndimi za moto. Hapo ndipo ugomvi wangu nao unapoanzia, maana mnunuzi akishalifikisha nyumbani, moto huo hauoni.

Jiko la peleti ni oveni inayokula mbao. Kwenye lile sanduku unamimina peleti, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa vijiti vifupi vyenye unene wa milimita 6 hivi. Mota huzungusha parafujo ndefu inayozisogeza kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha chuma. Huko fimbo ya umeme huziwasha na feni huupuliza moto. Juu ya kikombe limelazwa bamba, kwa hiyo nyama haikutani na ndimi. Inaivishwa na hewa ya moto iliyochanganyika na moshi, huku kompyuta ndogo ikisoma joto na kuamua lini peleti ziongezwe. Mwanzilishi wake ni Joe Traeger wa Mount Angel, jimbo la Oregon, aliyepata hataza mwaka 1986. Hataza hiyo ilipoisha mwaka 2006 kampuni nyingine zikamiminika sokoni, na ndiyo maana leo unayakuta ya kila bei.

Sasa mshikaki. Mshikaki unataka makaa mekundu chini yake, mafuta yadondoke, yachacharike, na moshi wake uirudie nyama. Majiko mengi ya peleti yanaishia nyuzijoto 230 hadi 260 za Selsiasi, tena hilo ni joto la hewa. Mbuzi ataiva vizuri kabisa, lakini ile rangi na ule ukavu wa nje anaoutafuta mtu wa nyama choma hautapatikana. Zipo aina zenye kidirisha cha kufungulia moto wa moja kwa moja. Zinasaidia, ila eneo lenyewe ni dogo na wageni wako ni ishirini. Mwenye hamu ya mishkaki anunue jiko la mkaa la bei ndogo, pesa inayobaki anunue nyama.

Jiko la peleti linapotamba ni kwenye mapishi ya polepole. Chukua kidari cha ng'ombe, nyama ambayo watu wa Texas wanaiheshimu kama sisi tunavyoheshimu biriani ya harusi. Unaweka namba 225, kwa kuwa Wamarekani hupima kwa Fahrenheit (ni kama 107 za kwetu), halafu unakwenda kulala. Hakuna wa kukesha akichochea. Alfajiri utakuta joto la ndani ya nyama limefika 70 hivi za Selsiasi na limegoma kupanda, pengine kwa saa nyingi. Hapo ndipo wageni wa jiko hili huanza kupiga simu wakidhani limeharibika. Halijaharibika: nyama inatoa unyevu, na unyevu ukikauka huipoza. Ifunge kwa karatasi ya wauza nyama au kwa foili, au ivumilie tu. Ikikaribia 95, chomeka kijiti. Kikiingia bila ubishi, itoe uipumzishe.

Na joto la jiko lenyewe halitulii. Umeweka 225, kioo kinaonyesha 210, baadaye 240. Ndivyo lilivyo, kwani moto unalishwa kwa vipindi. Kila ukifunua kifuniko kuchungulia unaliongezea kazi.

Moshi wake pia ni mpole. Wakati wa kuwasha utatoka mzito na mweupe, usitishike. Ukishatakata huonekana kwa shida. Ladha hukolea zaidi joto likiwa la chini, na ukipandisha hadi la kuokea kuku, moshi karibu hausikiki. Kuku huyo, hata hivyo, asitoke kabla ndani hajafika nyuzijoto 74.

Siku ya kwanza usipike kitu. Liwashe tupu, lipande joto kali, lichome mafuta ya kiwandani. Peleti ziwe za chakula, si zile za majiko ya kupashia nyumba joto, ambazo huwezi kujua zimetokana na mbao gani. Zitunze pakavu, kwani zikipata maji huvimba, hurudi kuwa unga na kuziba parafujo. Hapo utashika bisibisi badala ya koleo. Kumaliza kazi usichomoe plagi. Bonyeza kizimio uache feni iteketeze mabaki, vinginevyo moto unaweza kutambaa kurudi kwenye sanduku. Na ukizimika katikati ya mapishi, usiwashe tena kabla ya kuondoa peleti zilizolundikana kikombeni, maana zikilipuka kwa pamoja kifuniko kinaweza kuruka. Majivu na mafuta ya kwenye trei yasafishwe jiko likiwa limepoa. Gereji si mahali pake, hata mlango ukiwa wazi: gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua.

Najua pia wapo wanaotaka kulipakia kwenye kontena kwenda Dar au Mombasa. Jiko la soko la Marekani limetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60. Tanzania ni volti 230, Kenya 240, na kote hezi 50. Transfoma itashusha volti, lakini hezi haizigusi, na mota nyingi za aina hii zitazunguka polepole, peleti na upepo vikipungua pamoja. Umeme ukikatika feni inasimama huku moto ungali kikombeni. Peleti nazo itabidi uzisafirishe, wakati mkaa unauzwa mtaani kwako. Shemeji akikuomba umpelekee moja, mpelekee kipimajoto cha nyama. Kinatumia betri na kinafaa hata kwenye jiko la mkaa.